Ekari zako za majani huku Moshi na Arusha: ulime, ulishe huria, ulishe kwa zamu, ukate upeleke juu au uchome? Tulinganishe kwa upande wa kaboni

Mwezi uliopita tulikaa familia nzima kwa baba mkubwa Machame kujadili shamba la chini, ekari 11 ziko huku Rundugai, ukishukia Boma Ng'ombe unashika njia ya Chemka, ambazo tangu babu afariki zimebaki majani tu na migunga michache, na kila mtu alikuja na lake. Mmoja anataka trekta liingie kabla ya masika tupande mahindi. Mwingine anasema tuwakodishie wafugaji walishe wanavyotaka watupe hela yetu mapema. Shangazi anataka aachiwe awe anakata majani ya ng'ombe wake wawili wa juu Machame, na shemeji yetu wa Monduli ambaye amekulia kwenye mifugo akasema gaweni vipande, mlishe kimoja kingine kipumzike. Alafu binamu mmoja akatupia neno kaboni, kwamba siku hizi udongo wenye kaboni unalipwa, na hapo kikao kikavurugika maana kila mtu akaanza kudai njia yake ndo inayotunza kaboni.

Nimesomea udongo na nimechimba mashimo mengi kuanzia huku Hai mpaka Makuyuni, kwa hiyo nikawaahidi nitaandika kila njia inaifanyia nini kaboni, na nikaona niweke wazi kwa yeyote mwenye ardhi ya majani huku kwetu maana maswali ni yaleyale.

Kwa kifupi tu ili twende pamoja. Majani yanavuta hewa ukaa, yanatengeneza chakula chake, na sehemu kubwa ya chakula hicho inashuka kwenye mizizi. Mizizi inakufa kidogo kidogo, inaliwa na fangasi na bakteria, na mabaki yake yanashikana na chembe za udongo, ndo unaona ule weusi, yaani mboji. Karibu asilimia 58 ya mboji ni kaboni. Udongo wa dunia nzima kwa mita moja ya juu una kama tani bilioni 1,500 za kaboni, ni nyingi kuliko iliyoko hewani ukijumlisha na iliyoko kwenye mimea yote, kwa hiyo ukiichokoza inayoondoka sio ndogo. Na hata kama kaboni haikuhusu kabisa, huo weusi ndo unaoshika maji. Shamba lililoishiwa kaboni mvua ikinyesha maji yanapita juu kwa juu yanaenda kuchimba korongo kwa jirani, wiki mbili baadaye majani yameshakauka. Kwa mfugaji hiyo ni hasara ya moja kwa moja, haina haja ya kungoja mtu wa kaboni aje amwambie.

Kabla ya kuchagua, ijue ardhi yenyewe

Hapa watu wengi wanaruka na ndo kosa la kwanza. Mtu anachukua udongo wa Machame juu anaweka mezani karibu na wa Rundugai anasema mmeona, sisi wa juu tunatunza udongo. Hapana. Udongo wa juu wa Kilimanjaro na Meru ni wa volkano na una madini yanayoishikilia mboji kwa nguvu sana, alafu mvua ni nyingi na kuna ubaridi. Kwa makadirio ya kawaida joto likipanda nyuzi 10 vijidudu vya udongo vinaozesha mboji kwa kasi kama mara mbili, kwa hiyo huku chini kwenye joto kaboni inaingia kidogo kwa sababu ya mvua chache na inatoka haraka kila udongo unapopata unyevu. Udongo wa kichanga kama unaoukuta sehemu za Simanjiro hauna pa kuificha kaboni, vijidudu vinaifikia yote. Udongo wa mfinyanzi, ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunasa matairi masika, unaificha vizuri zaidi.

Maana yake ni kwamba kila ardhi ina kiwango chake cha juu, na kazi yako kama mwenye shamba ni kusogea karibu na kiwango cha ardhi yako. Linganisha shamba lako na kipande cha jirani chenye udongo uleule na mvua ileile ambacho kimetunzwa tofauti. Makaburini, uwanja wa kanisa, pembeni ya uzio wa shule, sehemu ambazo hazijalimwa wala kulishwa sana miaka mingi, hapo ndo utaona ardhi yako ingeweza kuwaje.

Kulima na kuacha majani

Naanza na hii kwa sababu tofauti yake ni kubwa kuliko zote na jibu lake halina kona nyingi. Mwaka 2002 watafiti wawili, Guo na Gifford, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za dunia kuhusu kubadilisha matumizi ya ardhi, wakakuta malisho yakigeuzwa kuwa mashamba ya mazao kaboni ya udongo inashuka kwa wastani wa asilimia 59. Na ukigeuza nyuma, shamba la mazao likarudi kuwa malisho, inapanda kwa wastani wa asilimia 19 tu. Soma tena hizo namba mbili. Unaondoa kwa trekta siku moja kitu ambacho wajukuu ndo watamaliza kukirudisha.

Sababu yake inaonekana kwa macho. Plau inavunja yale mabonge madogo ambamo mboji ilikuwa imejificha, hewa inaingia, vijidudu vinakula. Alafu mizizi ya majani ambayo ilikuwa hai mwaka mzima inabadilishwa na mahindi yenye mizizi ya miezi minne, baada ya hapo shamba liko uchi kiangazi chote, upepo wa mwezi wa tisa unabeba ule unga wa juu ambao ndo wenye kaboni. Wanaopita njia ya West Kilimanjaro au Oldonyosambu wanalijua hilo vumbi. Na mabua nayo hayabaki, yanapakiwa kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, yanapelekwa kwa ng'ombe wa juu.

Ndugu yangu anayetaka mahindi namwelewa, mwaka mzuri gunia zinaonekana na majani hayajazi ghala. Ila kwa huku chini ambako mvua za vuli ni za kubahatisha kabisa na masika yenyewe yanakatika katikati, unatoa akiba ya miaka mamia kwa ajili ya mavuno ambayo miaka kadhaa hayaji. Kama ni lazima ulime, lima kipande kidogo cha chini kinachopata unyevu, tumia matuta ya kukinga maji, acha mabua nusu yabaki shambani, na kwenye mteremko usiguse kabisa. Kwa upande wa kaboni kulima kunashindwa na njia zote nyingine humu. Hata ulishaji huria kwenye ardhi tambarare nauweka juu yake.

Kulisha huria na kulisha kwa zamu

Hapa ndo pana ubishi wa kweli na ndo nataka nikae zaidi, kwa sababu kuna maneno mengi ya pande zote mbili ambayo ukiyachukua mzimamzima yatakupoteza.

Upande mmoja unasema ng'ombe ndo adui, toa ng'ombe wote ardhi ipone. Kwa majani yetu hiyo sio sahihi. Nyasi za huku joto ziko kundi moja na mahindi na miwa kwa namna zinavyotengeneza chakula, na nyingi zina sehemu ya kuchipulia iko chini karibu na ardhi, ukizila kwa kiasi zinarudi na zinaendelea kupeleka mizizi. McSherry na Ritchie mwaka 2013 walipounganisha tafiti za sehemu mbalimbali walikuta kwenye nyanda zenye nyasi za aina hii, ulishaji ukiongezeka kaboni ya udongo inaongezeka kwa asilimia 6 hadi 7, wakati kwenye nyanda zenye nyasi za nchi za baridi ilipungua kwa wastani wa asilimia 18. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya usiuchukue ukauleta Longido hivihivi. Na pia waligundua jibu linabadilika kulingana na mvua na aina ya udongo, kichanga na mfinyanzi havijibu sawa.

Upande wa pili unasema zungusha tu ng'ombe, weka uzio, gawa vipande, kaboni itapanda yenyewe. Hiyo nayo imezidishwa. Tafiti zilizolinganisha kuzungusha na kulisha mfululizo kwa idadi ileile ya mifugo mara nyingi zimekuta tofauti ndogo au hakuna. Kinachoamua zaidi ni ng'ombe wangapi kwa majani yaliyopo, na muda gani majani yanapata kupumzika wakati wa mvua. Ukiwa na ng'ombe 40 kwenye ekari za ng'ombe 8, hata ukigawa vipande 20 utakuwa unazungusha njaa tu.

Nikueleze kinachotokea chini. Jani likiliwa sana mmea unasimamisha mizizi kwanza ujenge majani upya. Ukipewa wiki kadhaa mizizi inaendelea. Ukiliwa tena kabla, na tena, na tena, hasa mvua za kwanza zinapoanza wakati mmea umetumia akiba yake yote kuchipua, mizizi inafupika mwaka hadi mwaka mpaka mmea unang'oka na ng'ombe akiuvuta. Nenda na jembe kwenye malisho yaliyochoka uchimbe, utakuta mizizi imeishia kwenye kiganja. Chimba kwenye malisho yaliyopumzika, utachoka wewe kabla mizizi haijaisha. Kaboni ya nyanda iko huko chini.

Sasa ndo maana nampa haki shemeji. Wamasai na Waarusha wana utaratibu wao wa zamani, olopololi ya familia karibu na boma na alalili ya eneo zima, sehemu inafungwa wakati wa mvua majani yakue, inafunguliwa kiangazi kwa ndama na ng'ombe dhaifu na wanaonyonyesha. Mifugo mikubwa inasogea mbali kufuata mvua. Huo utaratibu unapumzisha majani wakati uleule ambao mizizi inahitaji, na haukuhitaji waya hata mmoja. Kosa sio la utaratibu wenyewe, ni letu sisi tuliobana ardhi, mashamba yakaingia kwenye njia za mifugo, watu wakaongezeka, alalili zikamegwa zikawa viwanja. Ukame wa 2009 na ule wa mwishoni mwa 2021 kuingia 2022 uliua mifugo mingi sana Longido, Monduli na Simanjiro, na niliongea na wazee kipindi hicho, walikuwa wanaumia zaidi kwamba hakukuwa na mahali palipobaki pa kukimbilia.

Ulishaji huria unaoachwa bila mwenye kuusimamia, ule wa kukodisha kwa mtu anayejua mkataba wake unaisha mwezi wa kumi na mbili, una ubaya mmoja ambao kwenye hesabu za kaboni huwa hauandikwi vizuri, ni mmomonyoko. Ardhi ikibaki uchi, kwato zinapasua juu, mvua kubwa ya kwanza inaondoka na udongo wa juu wote. Wanaopita Monduli wanaona yale makorongo, mengine yanaingia lori. Watafiti wa chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Plymouth Uingereza walifanya kazi na jamii za Kimasai Monduli kwenye mradi wa Jali Ardhi kuhusu hilohilo. Korongo likishaanza usitegemee kupumzisha peke yake, itabidi uchimbe makinga maji ya nusu mwezi, uzuie kwa mawe na miiba, upande majani kingoni. Na ardhi tupu inaita gugu karoti, lile la maua meupe madogo lililoonekana Arusha mwaka 2010 na sasa limejaa pembeni ya barabara. Mifugo hailipendi, linawasha watu, na likishashika mahali nyasi nzuri hazirudi kirahisi.

Jambo moja zuri kuhusu ng'ombe ambalo huwa linanifurahisha kila nikilisema. Mahali palipokuwa boma zamani, hata likihamwa, majani yake yanabaki ya kijani kuliko pembeni. Mwaka 2018 kuna watafiti walichapisha kazi ya Narok, Kenya, walipima maeneo ya mazizi ya wafugaji wa kale, ya miaka kati ya 1,550 na 3,700 iliyopita, wakakuta bado yana rutuba zaidi ya ardhi inayoyazunguka. Miaka elfu tatu! Kwa hiyo ukilaza ng'ombe usiku kwenye zizi la kuhamahama, wiki moja hapa wiki nyingine kule kwenye sehemu iliyochoka, unaacha kitu kinachodumu.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili nachagua zamu, ila zamu yenye idadi ndogo ya ng'ombe na kufunga kipande wakati wa mvua. Faida yake kwa kaboni usiitie chumvi. Conant na wenzake mwaka 2017 walipojumlisha tafiti za kuboresha malisho, kuanzia ulishaji bora, kupanda mikunde, mpaka kurudisha shamba kuwa malisho, ongezeko lilikuwa kati ya kilo 105 na zaidi ya tani moja ya kaboni kwa hekta kwa mwaka, na hekta ni kama ekari mbili na nusu. Huku kwetu penye mvua chache mi ningepanga kwa kutegemea zile za chini, zikija za juu nishukuru.

Moto na meno ya ng'ombe

Mwezi wa nane mpaka wa kumi ukisimama usiku mahali pa juu ukitazama tambarare unaona mistari ya moto. Watu wanachoma kuua kupe na kupata machipukizi mabichi. Mara moja baada ya miaka kadhaa ardhi ya nyasi inavumilia, nyasi zetu zimezoea moto, na mizizi iko chini salama. Kila mwaka ni habari nyingine. Kuna kazi ya Pellegrini na wenzake, 2018, waliangalia viwanja 48 duniani vilivyofuatiliwa miongo mingi, wakakuta kwenye nyika na misitu ya majani mapana, baada ya miaka 64 ya kuchomwa mara kwa mara kaboni ya udongo wa juu ilikuwa pungufu kwa asilimia 36 kuliko sehemu zilizokingwa moto, na nitrojeni pungufu kwa asilimia 38.

Na mfano mzuri wa kulinganisha moto na meno hauko mbali, uko Serengeti. Zamani ugonjwa wa sotoka ulikuwa unaua nyumbu, idadi ikawa chini. Ng'ombe wa pembeni walipochanjwa na sotoka ikaisha kwenye miaka ya 60, nyumbu wakapanda kutoka kama laki mbili na nusu mpaka zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 70. Nyumbu wakala majani ambayo zamani yalikuwa yanakauka na kuungua, moto ukapungua, miti ikarudi, na watafiti waliopiga hesabu wakaona eneo lile likaanza kuweka kaboni badala ya kuitoa. Majani yaleyale, yakipita tumboni sehemu yake inarudi ardhini kama mavi, wale wadudu wanaoviringisha vinyesi na mchwa wanaishusha chini. Yakipita motoni karibu yote yanaenda hewani.

Kupe dawa yake ni josho.

Kukata upeleke juu na kulisha palepale

Hii naiandika kwa heshima kwa shangazi, kwa sababu akina mama wa Kilimanjaro wamebeba majani kichwani kutoka porini kwenda kihambani, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, miaka mingi, na kahawa na migomba ya juu imesimama kwa mgongo wao. Kihamba kina kaboni nyingi, na moja ya sababu ni samadi ya ng'ombe wa kufugia ndani. Ila hebu tufuate lile jani lenyewe. Limeota Rundugai, limekatwa Rundugai, limepakiwa kwenye kirikuu, limeliwa Machame, mavi yamewekwa kwenye migomba ya Machame. Kila safari ni kaboni na nitrojeni na fosforasi imehama kutoka chini kwenda juu, na hakuna kinachoshuka. Ukipima kihamba unasema ufugaji wa ndani ni mzuri sana kwa udongo. Ukipima kule chini yalikokatwa unapata jibu lingine.

Ulishaji wa palepale una mkono wa juu hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya alichokula ng'ombe anakiacha alipokilia. Ila kukata kuna faida zake, hakuna kwato, hakuna kurudia kung'ata machipukizi, na wewe ndo unaamua yakatwe lini na urefu gani. Kwa hiyo ukichagua kukata, usikate mpaka chini, acha kama kiganja, kata baada ya majani kutoa mbegu angalau kwenye sehemu moja kila mwaka, na hili la mwisho ndo nimempigia shangazi simu kumwambia: kirikuu kinashuka tupu kwenda kuchukua majani, na nauli yake unailipa. Pakia samadi kidogo kila kinaposhuka. Hata magunia matano. Akaniambia samadi yenyewe haitoshi migomba, tukaelewana kwamba majani ya Guatemala na matete apande kwenye kingo za kihamba ili apunguze yanayotoka chini. Hiyo nayo ni njia.

Kupanda majani mapya na kupanda miti

Hizi kwa ufupi. Kama ardhi ilishalimwa na imebaki uchi, kupanda nyasi za kudumu kama Cenchrus au Rhodes pamoja na mikunde inalipa, hasa mikunde kwa sababu inaleta nitrojeni na bila nitrojeni mboji haijengeki. Kama bado kuna nyasi za asili usilime ili upande bora zaidi, utapoteza kabla hujapata, tupia mbegu kwenye sehemu zilizokufa tu baada ya kuchokonoa kidogo juu. Na wale wanaotaka kujaza mikaratusi kwenye nyanda za majani kwa sababu mti unaonekana una kaboni, hesabu ile ya Guo na Gifford ilionyesha malisho yakigeuzwa msitu wa kupanda kaboni ya udongo inashuka kwa wastani wa asilimia 10. Juu inaongezeka, chini inapungua, na maji mti unakunywa. Migunga ya asili iliyotawanyika iache, inalisha mbuzi kwa maganda na chini ya kivuli chake majani yanabaki mabichi.

Hesabu ya ng'ombe mwenyewe

Haitakuwa haki nikiisifia kaboni ya udongo nisitaje methani, gesi ya kupasha joto dunia ambayo ng'ombe anaitoa akicheua. Makadirio ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ya 2006 kwa ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa ni kilo 31 za methani kwa mwaka. Ukiibadilisha kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani ikihesabiwa kama kilo 28 za hewa ukaa, inakuja kama kilo 870 za hewa ukaa, na ukigawa kwa 3.67, maana hewa ukaa ina uzito mara 3.67 ya kaboni iliyomo, unapata kama kilo 237 za kaboni. Kwa hiyo ng'ombe mmoja kwenye ardhi inayoongeza kilo 105 kwa hekta anahitaji zaidi ya hekta mbili ili udongo umfidie. Alafu udongo haupandi milele, baada ya miaka kama 20 ya utunzaji mpya kasi inapungua kwa sababu unakaribia kiwango chake, na methani inaendelea. Ng'ombe wachache wenye afya wanaotoa maziwa ya kueleweka wanakuwa bora kuliko kundi kubwa la kukonda, kwa mfuko na kwa hewa.

Kupima, na wanaokuja na mikataba

Hesabu ni rahisi: asilimia ya kaboni mara uzito wa udongo kwa ujazo mara kina kwa sentimita, unapata tani kwa hekta. Tuseme asilimia 1.5, uzito gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, kina sentimita 30, hiyo ni tani 54. Sasa angalia mtego. Udongo uleule ukikanyagwa na kushindiliwa mpaka uzito ukafika 1.4, hesabu itakupa tani 63 na hakuna hata jani moja limeongezeka. Anayekuletea matokeo bila kukuonyesha uzito wa udongo mwambie arudi. Na ongezeko la kilo 105 kwenye tani 54 ni kama asilimia 0.2, kwa hiyo kupima kila mwaka ni kutupa hela. Chukua sampuli sehemu 15 mpaka 20, changanya kwa kila kina, peleka maabara ya udongo kama Mlingano Tanga au SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, rudia baada ya miaka mitano, msimu uleule, sehemu zilezile.

Nyumbani unaweza kufanya hivi: toa bonge kavu la udongo wa juu kutoka malisho yako na lingine kutoka shamba lililolimwa lenye udongo uleule, weka kila moja kwenye glasi ya maji. La mboji nyingi litabaki bonge muda mrefu, lingine litasambaratika mara moja. Au kata kopo la rangi matako yote mawili, pigilia kidogo ardhini, mimina lita ya maji, angalia saa uone yanazama kwa muda gani kwenye kila kipande.

Mikataba ya kaboni ya malisho imefika Longido na Monduli na inazungumzwa sana. Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, uamuzi mkubwa unapita mkutano mkuu wa kijiji, sio watu watatu ofisini. Kanuni za biashara ya kaboni zilitoka 2022 na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, anzia huko kuuliza kama mradi unajulikana. Uliza miaka mingapi, maana mingine ni ya miongo, mtoto aliyeko mgongoni leo atakuwa mzee. Uliza mwaka wa ukame mkilazimika kufungua alalili mapema mtaadhibiwa vipi, na nani anamiliki vipimo. Mtu wa ekari 11 kama sisi peke yake hana la kuuza huko, gharama ya kupima itakula kila kitu.

Nani achague nini

Mwenye ardhi tambarare ya mvua chache, Rundugai, Makuyuni, Longido, Simanjiro: acha majani, zamu na kufunga wakati wa mvua, ng'ombe wachache, moto hapana. Mwenye kihamba juu na ng'ombe wawili: fugia ndani, panda malisho kingoni, na unapochukua chini rudisha. Mwenye ardhi ya katikati yenye mteremko, Siha, Sanya Juu, pembeni za Meru: majani ya kudumu kwenye mteremko, mahindi kwenye tambarare pekee na matuta. Aliyeshalima na akachoka: panda nyasi na mikunde, usitegemee zirudi zenyewe kabla gugu karoti halijafika.

Kwetu tumekubaliana hivi. Ekari moja na nusu ya chini karibu na mfereji italimwa, ndugu yangu apate mahindi yake. Tisa na nusu zimegawanywa vipande vitano kwa miiba, shemeji ataleta ng'ombe wanne tu baada ya masika, kipande kimoja kila mwaka kinafungwa mpaka kitoe mbegu, na shangazi anakata kwenye hicho mbegu zikishadondoka. Samadi itashuka na kirikuu cha Jumamosi. Sampuli za kwanza nachukua wiki ijayo kabla mvua hazijaanza.